Kona ya Dada: Tuje Kama Nani?

Wadogo zangu, wiki hii barua za mapenzi na za karo zitanisubiri, maana kuna moja iliyoninyima usingizi. Imetoka kwa binti wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Bonde la Ufa. Jina lake nimelihifadhi. Anasema hivi:

“Shikamoo Dada. Binamu yangu aliuawa Garissa mwaka 2015. Mimi nilikuwa darasa la nne. Sasa niko chuo kama yeye, na kila ikikaribia tarehe 2 Aprili moyo hunienda mbio. Mwaka huu niliwaambia wenzangu tufanye matembezi ya amani na mkesha wa mishumaa. Kikao cha kwanza tu kikavunjika. Kuna wanaotaka sala pekee, na kuna wanaotaka mabango ya kuilaumu serikali. Kisha mmoja akauliza mbele ya watu, ‘Na hawa Waislamu wetu, wao watasema nini siku hiyo?’ Msichana ninayekaa naye chumba kimoja ni Msomali wa Wajir. Alisimama akasema, ‘Na tukija, tuje kama nani?’ Akatoka. Tangu hapo ni salamu tu kati yetu. Nyumbani baba ananiambia niachane na maandamano, nimalize masomo. Nifanye nini?”

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Najua pole ya miaka mingi huonekana kama imechelewa, lakini wewe ulikuwa mtoto wakati watu wazima walipopewa zao, na huenda hakuna aliyekumbuka kukupa yako.

Nitaanza na wasomaji waliokuwa wadogo kama wewe, wajue tunazungumzia nini. Alfajiri ya Alhamisi 2 Aprili 2015, mkesha wa Ijumaa Kuu, wanaume wanne wa kundi la kigaidi la Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Waliwapiga risasi walinzi langoni, wakawavamia wanafunzi waliokuwa wamekusanyika kusali, kisha wakaingia hosteli. Walikuwa wakiwatenga watu kwa dini zao. Mpaka kulipokuchwa, watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Miongoni mwao wamo ambao ukoo mzima ulikuwa umeuza ng’ombe na kuchangishana ili wafike pale.

Mwaka huo mimi nilikuwa mwanafunzi Nairobi. Miili ililetwa kwa ndege, ikahifadhiwa chumba cha maiti cha Chiromo, na familia zikakusanywa uwanja wa Nyayo kungoja kuitwa. Tulienda kundi la wanafunzi, tukagawa chai na maji. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa ameshika bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na barua ya mwanawe ya kuitwa chuoni, kwa sababu ndiyo karatasi pekee iliyokuwa na majina yote matatu yameandikwa sawasawa. Kila aliyempita alimwonyesha ile barua. Sikujua la kumwambia. Nilimjazia kikombe mara tatu, na kila mara alishukuru.

Ndipo nilipoelewa kwa nini vijana mtandaoni walishikilia maneno yale kwamba 147 si nambari tu. Idadi ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa 147. Walitafuta picha, wakatafuta majina, wakaeleza huyu alikuwa akisomea ualimu, yule alipenda kuimba. Tarehe 7 Aprili wanafunzi waliandamana katikati ya jiji, na jioni watu wakakusanyika Uhuru Park, wakasimamisha misalaba, wakasoma majina.

Kwa hiyo kuhusu ule mvutano wa sala au mabango, mimi nasema anzeni na majina. Someni yote 148, bila kuruka wala kuharakisha. Chukueni zamu, kila mmoja asome kumi. Haitamaliza nusu saa, na hakuna hotuba ya kiongozi yeyote wa wanafunzi itakayofanya kazi ile. Mkitaka kujua jina lina uzito gani, siku mkifika Nairobi ingieni ile bustani ya kumbukumbu iliyopo pale ubalozi wa Marekani uliposimama hadi ulipolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Majina ya waliouawa Nairobi siku ile yamechongwa ukutani, ya Kikristo na ya Kiislamu bega kwa bega, kwa sababu bomu lile halikumuuliza mtu dini yake.

Sasa nije kwa rafiki yako wa Wajir, maana huyo ndiye aliyeninyima usingizi.

Mdogo wangu, mimi pia nilikuwa na mwenzangu wa chumba, msichana wa Kisomali kutoka Eastleigh. Mwaka mmoja kabla ya Garissa, Aprili 2014, polisi walifanya msako mkubwa mtaani kwao, na maelfu ya watu walikamatwa. Wengi walipelekwa uwanja wa Kasarani wakachunguzwe vitambulisho. Mjomba wake alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo habari za Garissa zilipofika, yeye alilia mara mbili, akawalilia wale waliokufa kisha akalilia yale aliyojua yanakuja.

Jikoni kwetu kulikuwa na koili nne tu. Jioni moja wiki ile aliingia na sufuria lake la wali. Alipoliweka, msichana aliyekuwa kwenye koili ya pembeni aliondoa lake, akaenda kusimama mbali. Hakusema neno. Tulikuwa watu sita mle ndani na sote tuliona. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga. Mwenzangu alisimama pale kidogo, akachukua sufuria lake na mchele mbichi ndani, akarudi chumbani. Kesho yake alikwenda kwao, na hakurudi hadi wakati wa mitihani.

Na tarehe 7, siku ya maandamano, nilikuwa mstari wa mbele na bango lenye maandishi ya udugu.

Miaka ilipita kabla sijamwomba msamaha. Aliniambia kitu nilichokihifadhi mpaka leo. “Sikutaka uhutubie watu kwa niaba yangu. Ungesogeza sufuria lako karibu na langu, ingetosha.”

Ndiyo sababu nakwambia, kabla ya kikao cha pili, kabla ya bango na mshumaa, mwendee rafiki yako. Usimwendee na karatasi ya ratiba. Usimwombe aje kulaani ugaidi mbele ya hadhira. Nani alikuomba wewe ulaani wezi wa kabila lako? Mwambie tu, “Siku ile nilisikia ulichouliza na sikusimama. Nisamehe.” Kisha nyamaza, umsikilize hata kama maneno yake yatauma.

Na swali lake lina jibu, tena jibu zito. Aje kama mfiwa. Kundi lililomuua binamu yako limeua kwao miaka na miaka. Novemba 2014, miezi michache kabla ya Garissa, walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawaua abiria 28, walimu wakiwa wengi miongoni mwao. Walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi waliogopa kurudi kaskazini mashariki, na baada ya Garissa hofu ikazidi. Madarasa yalibaki na watoto bila mwalimu. Muulize rafiki yako alisoma vipi miaka ile. Huenda hujawahi kumuuliza. Mtoto wa Wajir aliyejifundisha hesabu peke yake hadi akafika chuo kikuu ana la kusema siku ya tarehe 2 Aprili, na si utetezi.

Tena mwambie kuhusu basi la pili. Tarehe 21 Desemba 2015, mwaka uleule, Al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, karibu na El Wak. Wakaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Kina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wale watu wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki hospitalini Januari 2016. Hakuwa kwenye kongamano la dini mbalimbali. Alikuwa safarini.

Kisa hicho kiliigizwa katika filamu fupi, Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School cha Ujerumani kama kazi yao ya kuhitimu, na miongoni mwa waigizaji wake wamo Wakenya. Mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ni ya dakika ishirini na kitu tu. Nanyi ni wanafunzi. Ionyesheni ukumbini wiki hiyo kabla ya mkesha, kisha acheni watu wazungumze. Nina hakika yule aliyeuliza “Waislamu wetu” atakuwa na swali jingine akitoka pale.

Jambo dogo ambalo si dogo: mpangilio wa mkesha wenyewe. Ile misalaba ya Uhuru Park iliwafaa wengi wa wale marehemu, na sitaikosoa. Lakini mwenzangu aliniuliza baadaye, angekuja, angesimama wapi? Nanyi wekeni majina na picha katikati, mahali ambapo kila mtu anaweza kusimama. Baada ya kusoma majina, mwenye sala na asali kwa namna yake, kasisi kwa zamu yake na shehe kwa zamu yake, na asiyetaka kusali akae kimya. Mkesha usianze saa ya magharibi, kisha mkashangaa wenzenu hawapo, wapo msikitini. Sogezeni nusu saa.

Niseme kuhusu mabango sasa. Kuna watu watakaokuambia amani ni kutuliza mambo, kwamba ukiuliza serikali maswali unavuruga maombolezo. Sikubaliani nao kabisa. Siku chache kabla ya shambulio, tahadhari zilikuwa zimetolewa kwamba vyuo vinaweza kulengwa. Kikosi maalum cha polisi cha Recce, ambacho ndicho kilichomaliza mambo mara kilipoingia, kilichelewa kwa saa nyingi kwa sababu ya usafiri kutoka Nairobi, na muda wote huo watoto walikuwa wakiuawa ndani. Mzazi ana haki ya kuuliza. Wewe uliyefiwa na binamu una haki ya kuuliza. Nalo bango likiuliza swali la kweli, lenye tarehe na jambo mahususi, halivunji amani yoyote. Andikeni mnachotaka chuo chenu kifanye leo: walinzi wangapi wako langoni usiku, milango ya dharura ya hosteli imefungwa kwa kufuli au iko wazi, namba ya kupiga ni ipi. Hayo yana majibu, na mkuu wa chuo anaweza kuyajibu wiki hiyohiyo.

Msilete bango lolote linalotaja kabila, mtaa au dini. Kila bango mlisome kabla halijapakwa rangi, na mwenye kung’ang’ania aachwe nyumbani.

Baba yako, mdogo wangu, usimwone mwoga. Ameona. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 vijana wa umri wako walipigwa risasi katika mitaa ya nchi hii wakiwa na bendera mkononi. Hofu yake ina sababu, na ningekuwa mama yako ningekuambia vilevile. Mpigie simu umweleze mpango wote, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, nani atakuwepo. Mwambie ni kwa ajili ya binamu yako. Wazazi wetu huogopa zaidi wasichoelezwa. Na ushauri wangu wa kweli kwa mwaka huu wa kwanza ni kwamba mfanye ndani ya chuo. Matembezi kutoka lango kuu hadi uwanjani yanatosha. Kwanza mjenge imani kati yenu, mtaani mtafika mwaka mwingine.

Mkiamua kutoka nje, fuateni sheria ili asiwepo wa kuwasingizia. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka mpeleke taarifa ya maandishi kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa mnayotoa, si ruhusa mnayoomba. Ifikisheni mkono kwa mkono, muwe wawili, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Teueni wenzenu wa kulinda kingo za msafara, wavae kitu cha rangi moja, na waamuzi wa kusitisha safari wawe watu watatu wanaojulikana na wote.

Sasa kuna onyo ambalo naomba mlishike kuliko yote niliyosema. Msiigize shambulio. Najua vilabu vya maigizo vinapenda. Msilete milio ya risasi, wala kelele gizani, wala fataki. Siku kumi tu baada ya Garissa, alfajiri ya 12 Aprili 2015, milipuko ya umeme ilisikika karibu na hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kikuyu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakaumia. Novemba mwaka huohuo, katika chuo kingine jijini, zoezi la usalama lililofanywa kama shambulio la kweli lilimuua mfanyakazi wa chuo, kwa sababu watu hawakujua ni zoezi. Hofu ile haijaisha. Baadhi ya manusura wa Garissa walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wakamalizia masomo huko. Wengine leo ni walimu, na huenda mmoja anafundisha mdogo wako. Hamjui ni nani amesimama kando yenu na mshumaa. Tangazeni mkesha hosteli zote siku mbili kabla, mseme taa hazitazimwa. Wekeni watu wawili wa kuthibitisha habari kabla haijatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Na picha za maiti, zile zilizosambazwa mwaka ule, yeyote anayezituma mwambieni azifute mbele yenu.

Nimalizie na jambo ambalo vikao vya amani hulikwepa. Mmoja wa wale wauaji wanne alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikaa darasani kama sisi, akapanga foleni ya chakula kama sisi. Baba yake, chifu katika kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa wakuu kwamba kijana wake ametoweka. Na mwaka 2019, mahakama ya Nairobi ilipowahukumu watatu waliohusika, aliyepewa kifungo cha maisha alikuwa kijana Mtanzania. Watu hawa hawatoki mahali pamoja. Kwa hiyo ukiona mwenzako amejitenga, ameacha marafiki wote kwa mkupuo, ana safari asizoeleza, ana watu wapya mtandaoni wanaomwambia kila mtu ni adui, usikimbilie kumwita gaidi. Kaa naye. Mtafute mlezi wa wanafunzi unayemwamini, imamu au padri wa chuo, ndugu yake mkubwa. Yule chifu alifanya alichoweza. Sisi tuliokuwa tukipishana na mwanawe kwenye korido, sijui tulifanya nini.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na wanafunzi wachache tu, wengi wao wenyeji wa pale. Mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo wapo wanaosoma pale kutoka kaunti nyingi, Wakristo na Waislamu. Waandikieni barua, wewe na huyo rafiki yako wa Wajir, mkiwa na sahihi zenu mbili. Waulizeni wao huadhimishaje.

Lakini hiyo ni ya wiki ijayo. Leo jioni, mdogo wangu, pika chai ya watu wawili, mgongee mlango kama si chumba chako, kaa kitandani kwake umwombe radhi. Kisha niandikie uniambie alisema nini.

Ni mimi dada yenu.